Kamera za Nyumbani Bukavu: Hesabu Huanzia Kwenye Bateri

Mfumo wa kamera za nyumbani una viungo vinne: kamera, waya, kinasa na umeme. Wanunuzi wengi huanza na kamera. Bukavu, kiungo cha mwisho ndicho hutangulia. Mji umekaa pale mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu, na mtoni humo kuna mitambo miwili: Ruzizi I ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya 1989, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo kurenti hukatika mara kwa mara, mtaa mmoja ukiwaka na mwingine ukingoja zamu. Mwizi anazijua zamu hizo kama mwenye nyumba anavyozijua. Kamera inayozimika pamoja na taa za barabarani haimlindi mtu.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya wati. Kamera moja yenye mwanga wake wa usiku hula takriban wati 5. Nne ni wati 20. Swichi inayozilisha huongeza wati 5, ruta 8, na kompyuta ndogo ya kurekodi pamoja na diski yake wati 15. Jumla ni wati 48. Usiku wa saa 12 unahitaji wati-saa 576. Bateri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kushushwa chini ya nusu. Zinazobaki kwa matumizi ni 600. Mfumo unafika asubuhi kwa tabu, ila unafika. Kompyuta kuukuu ya mezani ikiwekwa mahali pa ile ndogo, ikala wati 80, jumla hupanda hadi 113. Kurenti ikikatika saa kumi na mbili jioni, bateri ileile itaisha saa tano na robo usiku, mlinzi akiwa bado hajamaliza hata nusu ya zamu yake. Kompyuta ya bure inaweza hivyo kuwa ghali kuliko iliyonunuliwa. Inveta nayo hula umeme hata pasipo mzigo; ndiyo maana swichi inayopokea volti 12 moja kwa moja kutoka kwa bateri na kuzipandisha hadi 48 kwa ajili ya kamera ni chaguo bora, ikipatikana.

Kinachofuata ni waya. Kamera ya kufaa hutumia waya mmoja wa mtandao unaobeba picha na umeme pamoja, kwa kanuni ya IEEE 802.3af ya 2003: wati 15.4 zinatoka kwenye swichi, na umbali hauzidi mita 100. Waya uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hupoteza umeme njiani, na kamera ya mwisho huzimika usiku, taa yake inapohitaji nguvu zaidi. Kamera za Wi-Fi ni rahisi kufunga, lakini nazo zinahitaji waya wa umeme, na ukuta wa mawe hudhoofisha mawimbi yake.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wa Bukavu hawana ruhusa ya kulisahau: radi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliotumia takwimu za setilaiti za 1998 hadi 2013, uliweka Kabare, jina la eneo linaloizunguka Bukavu, katika nafasi ya kwanza Afrika, kwa mimweko 205 hivi katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani ilizidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Waya wa shaba unaopita nje kutoka langoni hadi sebuleni unaweza kuingiza nguvu ya radi hadi kwenye kinasa, hata kama radi yenyewe imepiga nyumba ya tatu. Kizuia radi kifungwe pale waya unapoingia ndani, nacho kiunganishwe na fimbo iliyozikwa ardhini. Bila fimbo hiyo ni pambo. Kwa kibanda cha mlinzi kilichojitenga, waya wa nyuzi za kioo ni salama zaidi, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Sasa ndipo kamera yenyewe inapochaguliwa. Idadi ya megapikseli haitoshi kuamua. La maana ni pikseli ngapi zinaangukia kila mita ya upana unaotazamwa. Kanuni ya Ulaya ya EN 62676-4, katika toleo lake la 2015, ilitaka pikseli 250 kwa mita ili mtu asiyejulikana aweze kutambulika kwa sura, na 125 kwa mtu anayefahamika tayari. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana, hivyo inatambulisha sura katika upana wa mita 7.7 tu. Kwa lango la chuma la mita tatu, hiyo inatosha kabisa, mradi lenzi iwe ya kubana kidogo, milimita 4 au 6. Lenzi ya milimita 2.8, inayokuja na kamera nyingi, huonyesha ua mzima, lakini mtu aliye mbali anabaki kivuli. Nyumba nyingi zinahitaji moja pana kwa ua na moja ya kubana kwa lango, na langoni kamera isipande juu sana. Mita mbili na nusu huona uso; mita tano huona kofia.

Miteremko ya mji huleta tatizo lake. Gari au pikipiki inayoshuka kilima hurusha taa moja kwa moja ndani ya lenzi inayotazama upande wa juu wa barabara, na picha yote huwa nyeupe. Kamera itazame njia kwa ubavu. Usiku, mwanga wa infraredi wa nanomita 850 hufika mbali, ila huonekana kama nukta nyekundu. Wa 940 hauonekani, lakini hufika karibu. Kwa aina zote mbili, buibui hujenga mbele ya kamera, na uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi hung'aa kama kamba nyeupe inayopepea, ukaamsha kengele usiku kucha. Taa ya infraredi iliyofungwa mita moja kando ya kamera huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo. Kwa mvua za Septemba hadi Mei, ganda liwe la daraja la IP66 au zaidi.

Jambo moja zaidi kabla ya kulipa: kamera iwe inakubali ONVIF, lugha ya pamoja iliyoanzishwa 2008 na Axis, Bosch na Sony, na itoe picha kwa RTSP, njia ya pamoja ya kutuma video mtandaoni. Kamera inayotuma picha kwa seva za kiwanda chake tu humfunga mnunuzi, na intaneti ikikatika, hakuna kinachohifadhiwa. Kwa biti milioni 4 kwa sekunde, kamera moja ingemaliza gigabaiti 1.8 kila saa. Vifurushi vya simu vya kawaida havibebi mzigo huo. Kurekodi kufanyike nyumbani.

Kwa programu, ZoneMinder ni mkongwe wa bure unaotumia Linux. Blue Iris hulipiwa na inahitaji Windows, na kwa kawaida kompyuta yenye nguvu zaidi. Frigate, nayo ya bure na ya Linux, inafaa zaidi kwa hali ya Bukavu. Hupokea mikondo miwili kutoka kila kamera: mdogo kwa uchunguzi, mkubwa kwa kuhifadhi, na hutenganisha mtu na mbwa, gari au jani la mgomba. Huhifadhi vipande vya sekunde kumi kumi, hivyo umeme ukikatika ghafla zinapotea sekunde chache badala ya saa nzima. Panapokosekana mtu wa kuihudumia Linux, kinasa cha kawaida cha kiwandani ni heri kuliko programu bora isiyoangaliwa.

Diski huhesabiwa vilevile. Biti milioni 4 kwa sekunde ni gigabaiti 43.2 kwa siku; kamera nne ni karibu 173; diski ya terabaiti 2 hujaa kwa siku 11 na nusu. Mbano wa H.265 ukitumika, siku huongezeka. Kinasa kisikae chini ya televisheni, maana vitabebwa pamoja.

Saa nayo ni ushahidi. Bukavu hufuata saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo mfumo uwekwe kwenye eneo la Lubumbashi. Mfumo usio na intaneti hupoteza dakika polepole, na picha yenye saa ya uongo huzua ubishi mbele ya polisi. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza: kirusi cha Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vinasa mwaka 2016 kwa kujaribu nywila hizo tu. Kutazama kutoka mbali kupitie WireGuard, njia ya VPN iliyofungwa kwa siri, kamwe si mlango ulioachwa wazi kwenye ruta.

Katika komuni za Kadutu na Bagira mjini Bukavu, paa la mmoja liko miguuni pa mwingine, na kamera ya nyumba ya juu huweza kuona hadi bafu la jirani. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kongo hulinda faragha, na Sheria ya Kidijitali ya Machi 2023 hulinda data za watu. Kamera nyingi zinaweza zenyewe kuziba sehemu ya picha kwa weusi. Sehemu hiyo izibwe, na jirani aonyeshwe. Jirani huyohuyo ndiye atakayepiga firimbi mwizi akija.

Fundi asilipwe salio lake mchana. Usiku, kurenti ya nyumba izimwe makusudi, mtu mmoja atembee kutoka langoni hadi mlangoni, kisha uso wake utafutwe kwenye diski.