Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Likizo na Mauti katika Riwaya ya Ian McEwan

Mwaka 1981 Ian McEwan, mtungaji wa Uingereza, alitoa riwaya fupi iitwayo The Comfort of Strangers. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Colin na Mary, wapenzi wa miaka saba ambao hawakuoana, wamekwenda kupumzika wakati wa joto katika mji wa kale uliozungukwa na maji. Mchana hulala, jioni huamka, huoga, huvaa, kisha hutoka kutafuta chakula. Hawana kazi iwangojeayo wala mtu wa kuwauliza walikokuwa. Kabla ya likizo kwisha, Colin ameuawa. Basi swali linalomkabili msomaji ni hili: je, mauti hayo ni malipo ya uvivu wao? Kujibu ndiyo ni rahisi, na mtungaji mwenyewe ameweka vishawishi vingi njiani ili msomaji ajibu hivyo. Lakini riwaya ikisomwa kwa makini hulikataa jibu hilo.

Vishawishi vyenyewe ni vya namna nyingi. Mji haukutajwa jina hata mara moja, ijapokuwa vichochoro vyake, mashua zake na uwanja wake mkubwa huonyesha wazi kuwa ni Venice. Kunyamaza huko kuna maana: mahali wasipopajua wageni, msomaji naye hakutajiwa. Wapenzi hawa hutoka bila ramani, wakapotea. Katika hoteli mtumishi huwapangia vitu vyao kila siku, hata wao wenyewe hupoteza nguvu ya kuvipanga. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo si kazi tu. Ni njia ya kumkutanisha mgeni na ardhi aliyoikanyaga, apate kuijua nayo imjue. Colin na Mary hawapewi jembe. Mji ulioishi kwa watalii hutaka fedha yao, hautaki mikono yao; kwa hiyo siku yao ya mwisho ni sawa na siku yao ya kwanza.

Usiku mmoja, hali wamepotea na njaa imewashika, hutokea mtu aitwaye Robert, akawachukua mpaka kilabuni na kuwasimulia habari za utoto wake: baba mkali, dada wenye hila, na adhabu. Baadaye anawakaribisha nyumbani kwake, ambako mkewe Caroline hutembea kwa maumivu ya mgongo. Humo Robert anampiga Colin ngumi ya tumbo, kisha anaendelea na ukarimu wake kana kwamba hapana lililotokea. Mary naye huona picha ya mtu, na baadaye hutambua kuwa mtu yule ni Colin, amesimama katika roshani ya hoteli yao. Hata hivyo hawaondoki mjini, na mwisho hurudi katika nyumba ile kwa miguu yao wenyewe. Msomaji hushikwa na hasira, akataka kuwapigia kelele. Hasira hiyo ndiyo mtego, kwa maana kutoka kumlaumu mtu kwa kutojihadhari hadi kusema kwamba alistahili kufa ni hatua moja tu.

Mtego huo huteguliwa karibu na mwisho. Caroline anamwonyesha Mary ukuta uliojaa picha za Colin, akamweleza kuwa Robert alikuwa akiwafuata na kamera tangu walipoingia mjini. Yaani Colin alichaguliwa kabla hajapotea njia, kabla hajakubali mwaliko, kabla hajakosea lolote. Aliyelala bila kufunga mlango amekosa hadhari, lakini hakumzaa mwizi. Uzembe wa wapenzi hawa ulirahisisha uovu. Haukuwa asili yake. Asili yake imo katika nyumba ambamo mume amejifunza kupenda kwa kuumiza, na mke ameumizwa mpaka akakuita kuumizwa huko mapenzi.

Hapa lugha ya Kiswahili humpa msomaji ufunguo usiopatikana kwa Kiingereza. Jina la riwaya, likigeuzwa, laweza kuwa Faraja ya Wageni. Na kwa Kiswahili mgeni ni mtu asiyejulikana, tena ni mtu aliyepokelewa nyumbani. Colin na Mary ni wageni kwa maana ya pili. Robert na Caroline, ijapokuwa ni wenyeji, ni wageni kwa maana ya kwanza. Methali husema, mgeni njoo, mwenyeji apone, ikitaja baraka inayoingia nyumbani pamoja na mgeni. McEwan ameonyesha jinsi neno hilo jema liwezavyo kupinduliwa. Wenyeji hawa nao wanataka kupona, na dawa waliyoitafuta ni damu ya mgeni.

Riwaya haikosi kasoro. Masimulizi ya Robert juu ya utoto wake hupanga sababu za ukatili kwa unadhifu uliozidi, kama hesabu isiyobakisha kitu. Tena katika mji mzima, mwenyeji apewaye nafasi ya kusema kwa kirefu ni muuaji; waliobaki ni watumishi, mapolisi na umati. Filamu ya Paul Schrader ya mwaka 1990, iliyoandikwa na Harold Pinter, ilipata hasara nyingine: kamera haiwezi kuficha jina la Venice, na uzuri wa mji huchukua nafasi ya kiza kilichomo kitabuni.

Lakini mwisho wa kitabu hufuta nyingi za kasoro hizo. Mary, aliyenyweshwa dawa hata asiweze kusema wala kuondoka, anatazama mauaji kwa macho yake. Kisha, mbele ya maiti, anataka kumweleza Colin maana ya mambo yote, naye ananyamaza. Kimya hicho hakimlaumu marehemu. Msomaji aliyetaka kutoa hukumu afadhali ajifunze kutoka kwake.