Besi Iko Mlangoni: Kubadilisha Spika za Toyota IST

Mtu akienda kununua spika za gari, jicho lake la kwanza hutua kwenye wati. Boksi likiandikwa 300 anajua amepata. Kazi niliyoifuatilia kwenye Toyota IST ya mwaka 2003 inaonyesha kuwa fedha nyingi hupotea hapo hapo, kwa sababu sauti nzuri hutokana zaidi na ufungaji.

Tuanze na hesabu. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14. Kwa umeme huo, redio isiyo na amplifaya ya pembeni hutoa takriban wati 20 za kweli kwa kila spika ya omu 4, hata kama usoni imeandikwa 50 mara 4. Wati 300 za kwenye boksi zinaeleza spika inavumilia kiasi gani, na hata hizo huwa zimekuzwa. Namba yenye faida ni ya desibeli: spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 10 inalingana na ya desibeli 88 iliyopewa wati 20. Fundi alichukua ya 91, ingawa boksi lake halikuwa na makuu.

Kava ya mlango ilitoka bila shida: skrubu za nyuma ya kitasa na za kishikio, kisha klipsi zikavutwa kuanzia chini. Spika ya zamani ilikuwa ya koni ya karatasi, ukingo wake umechanika kwa jua na unyevu. Mpya nazo ni za sentimita 16, lakini matundu ya skrubu hayakuoana. Isitoshe, spika ya kiwandani imeundwa pamoja na kikombe cha plastiki kinachoiinua kutoka kwenye bati. Ukifunga mpya moja kwa moja, sumaku yake inaweza kugongwa na kioo. Ndiyo maana fundi alishusha kioo hadi mwisho kabla ya kupima kina.

Alikata pete ya plaiwudi na kuipaka rangi ya mafuta pande zote. Mvua ikinyesha, maji hupita ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini, kwa hiyo mbao za ungaunga zingevimba mapema. Kati ya pete na bati akazungusha sponji nene, na ile nailoni ya kuzuia maji akairudisha na kuibana vizuri.

Hiyo sponji ndiyo kiini cha kazi. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Pakiwa na mwanya pembeni, hewa ya mbele inakimbilia nyuma na besi inafutika kabla haijafika masikioni. Fundi alilegeza skrubu mbili huku wimbo unaendelea: ngoma ikanywea, ikabaki sauti ya mwimbaji na matoazi. Alipozikaza, ngoma ikarudi. Spika ni ile ile, redio ni ile ile.

Kikabaki kipengele cha nyaya. FM ya magari ya Japani ya miaka hiyo iliishia megahezi 90, na ya kwetu hufika 108. Ndiyo maana magari haya mengi yameshabadilishwa redio na nyaya zake kukatwa na kuungwa upya. Mlangoni rangi za Toyota bado zinasema kweli: kushoto waridi ni chanya na zambarau ni hasi; kulia kijani hafifu ni chanya na buluu ni hasi. Nyuma ya redio hakuna uhakika. Fundi alichomoa soketi ya redio, akagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye kila jozi ya nyaya. Koni ya kulia ikaruka nje, ya kushoto ikaingia ndani. Waliounga redio walikuwa wamegeuza upande mmoja, hivyo milango miwili ilikuwa ikifutiana besi miaka yote.

Kabla ya kununua chochote, basi, jaribu betri hiyo kwanza. Ukingo wa spika ukiwa mzima, huenda kugeuza nyaya mbili na kuziba mwanya kukatosha. Ukishafanya hayo na bado unataka sauti kubwa zaidi, hapo fedha iende kwenye amplifaya.