Rahisi kwa Maana Moja

Kiswahili kimeyapa mambo mawili neno moja. Rahisi ni kitu kisichokula fedha, na rahisi ni kazi isiyokula jasho. Marehemu baba, fundi baiskeli wa Ngamiani, Tanga, hakulipenda neno hilo kwa maana yake yoyote. Mteja akimletea breki za bei ya kutupa, alizipima kiganjani, akazirudisha, akasema, "Rahisi ghali," kisha akainamia gololi zake. Nilikua nikiamini hivyo. Aliyenitia shaka ni mzee mmoja jirani yangu huku Pennsylvania, fundi mitambo mstaafu, pamoja na bastola yake kuukuu ya kulengea shabaha.

Niseme mapema kwamba bastola hainivutii. Kwetu mwenye bastola ni askari au jambazi, na wote wawili ukiwaona unabadilisha njia. Mara ya kwanza mzee aliponialika uwanja wa shabaha nilikwenda kwa adabu tu, kama mtu anavyokwenda arusi asiyowajua wenyewe. Kilichonirudisha mara ya pili si mlio, ambao hata hivyo si mkubwa. Ni pale alipoifungua mezani kwake, akatandaza vipande juu ya taulo, nikaona nimewahi kukaa mbele ya meza kama hiyo.

Bastola yenyewe ni Ruger Standard. Ilitoka mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, kwa dola 37.50, bei iliyoziacha juu Colt Woodsman na nyingine za daraja lake. William Ruger, aliyeibuni, alikuwa ameshaanguka mara moja, maana biashara yake ya kutengeneza zana za mkono ilikuwa imekufa. Alexander Sturm, msanii kijana aliyependa silaha za kale, alimwamini akatoa dola 50,000. Ni Sturm aliyechora nembo ya ndege iliyobandikwa kwenye mpini, nyekundu. Alifariki mwaka 1951, na nembo ikageuzwa kuwa nyeusi. Ya mzee ni nyeusi, nami kila nikiiona naona kitu kilichovaa kaniki.

Sasa tazama Ruger alipobana na alipoachia. Fremu, ule mwili unaobeba mpini na kifyatulio, wengine waliichonga kutoka pande zima la chuma, saa kwa saa kwenye mashine, na nusu ya chuma ikaishia sakafuni. Yeye alichukua mabamba mawili, akayakandamiza yakapata umbo kama bati linavyopata umbo la sufuria, moja ubavu wa kushoto, jingine wa kulia, akayachomelea pamoja. Springi zake ni za waya uliosokotwa. Hapo ndipo dola zilipookolewa.

Kwenye mtutu hakubana. Mtutu umekazwa kwa uzi wa skurubu ndani ya bomba la chuma, na viwili hivyo ni kama kitu kimoja. Kilengeo cha mbele kimekaa juu ya mtutu, cha nyuma kimekaa juu ya bomba. Kinachokwenda na kurudi risasi ikilia ni kipande cha mviringo kilichofichwa ndani ya bomba, mfano wa ile ngozi ya pampu ya baiskeli. Katika Woodsman, kilengeo cha nyuma kilipanda juu ya kipande kinachosogea, kikasafiri nacho kila mara. Hapa vilengeo vyote viwili vimetulia kwenye chuma kisichosogea. Akiba yote ilifanywa mahali ambapo risasi haina habari napo.

Wazo la kipande kinachosogea ndani ya bomba halikushuka mbinguni. Mwaka 1945 Ruger alipata bastola ya Kijapani aina ya Nambu kutoka kwa askari aliyerejea kutoka vitani, akatengeneza mbili za kuigiza katika gereji yake. Sura ya nje ya Ruger Standard inakumbusha Luger ya Kijerumani. Kuna watakaoita huo wizi. Mimi niliyelelewa kwenye kibanda cha fundi sijui njia nyingine ya kujifunza zaidi ya kufungua kitu cha mwenzako.

Hata risasi yake ni ya mtu wa kawaida. Ni .22 Long Rifle, ya tangu 1887, yenye kichwa cha risasi cha gramu 2.6 hivi. Risasi kubwa huwa na fataki yake katikati ya kitako cha ganda. Hii, dawa ya fataki imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini hugonga ukingo. Kwa hiyo haina vipande vingi, na haili fedha. Kwa sababu hiyo hiyo mara moja moja hugoma, pale dawa isipoenea sawasawa. Ikigoma, mzee hashtuki wala halaani. Anatulia, mtutu ukitazama mbele, anasubiri kitambo kwa tahadhari, kisha anaitoa, anaizungusha kidogo, anairudisha. Mara nyingi inalia. Amejaribu aina nyingi za risasi mpaka akaipata ambayo bastola hii imeikubali. Mwenzake wa meza ya pili ana Ruger kama hiyo, na yake imechagua nyingine kabisa.

Mchezo wenyewe hupigwa kwa mkono mmoja. Karatasi iko yadi 50, karibu mita 46, yenye weusi wa upana wa sentimita 20. Duara la alama kumi ndani yake halifiki sentimita 9. Unapewa risasi kumi na dakika kumi. Baadaye karatasi huletwa yadi 25, risasi tano kwa sekunde 20, halafu tano kwa sekunde 10. Ndivyo wanavyoshindana Camp Perry, Ohio, kando ya Ziwa Erie, na upepo wa ziwa hauna huruma. Wahenga wetu walisema kulenga si shabaha, nami nilifahamu walichomaanisha nilipoinyoosha ile bastola. Mkono hautulii. Ukiulazimisha utulie unatetemeka zaidi. Jicho linataka kukimbilia karatasi, na mzee analirudisha kwenye kilengeo cha mbele. Karatasi iache iwe ukungu, anasema, na kifyatulio ukikamue mpaka mlio ukukute hujajiandaa. Kati ya risasi zangu tisa za kwanza, tano zilipata karatasi. Nyingine sijui ziliwapata wadudu gani.

Sasa nirudi kwenye lile neno. Bastola hii ni rahisi kuinunua, lakini kuifunga baada ya kuisafisha si rahisi hata kidogo. Wenye nayo wanalijua hilo, na hucheka wakikumbuka. Mgongo wa mpini unafunguka kama kisu cha kukunja, unatoka pamoja na pini iliyoshika kila kitu. Mtutu na bomba lake huhitaji kugongwa kwa nyundo ya mpira ndipo viachane na fremu. Kurudisha ndiko balaa. Lazima nyundo ya ndani iwe imelala, halafu uiinamishe bastola huku na huku mpaka kijiti kinachoning'inia nyuma ya nyundo kianguke juu ya springi yake. Kisipoanguka, kipande cha ndani ya bomba huishia njiani, nawe unaanza upya.

Mwaka 2016 kiwanda kilitoa Mark IV. Unabonyeza kitufe kimoja nyuma, inafunguka kama mlango. Nilimuuliza mzee kwa nini hanunui. Akasema atanunua akianza kusahau, na hajaanza.

Jioni moja ya majira ya baridi alinisukumia taulo lenye vipande. Mara ya kwanza kipande kiliishia njiani. Mara ya pili pia. Ya nne nilibana kidole. Mzee alikunywa kahawa yake akitazama dirishani, kama baba alivyokuwa akitazama barabara ya Ngamiani nilipofunga ekseli yangu ya kwanza. Mara ya sita niliinamisha mtutu, nikasikia kijiti kikianguka, sauti ndogo kama punje ya mchele kwenye sinia. Kipande kikaenda nyuma mpaka mwisho, kikarudi. Nikamkabidhi bastola.

Akahakikisha haina risasi, akakisukuma kile kipande mbele na nyuma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua mgongo wa mpini, akatandaza vipande vyote tena juu ya taulo, akaniwekea nyundo ya mpira karibu.