"Mwelekeo wa Upepo": Istilahi Igeuzayo Mshale

Wafasiri wa taarifa za uchafuzi wa hewa wamezoea kuandika "mwelekeo wa upepo" pasipo kusita. Sisi twaona kwamba istilahi hii, ijapokuwa imeenea, ina kasoro kubwa: yamwambia msomaji upepo waenda wapi, ilhali mtaalamu wa hali ya hewa hutaja upande utokako. Kwake yeye digrii 90 ni upepo utokao mashariki, na 270 ni utokao magharibi.

Kasoro hii si ya ufasaha tu. Watafutao chanzo cha moshi kwa takwimu huoanisha kila kipimo cha hewa na upepo wa saa ile ile, na saa za shwari huziacha. Huweka kiwango cha juu, aghalabu kile kisichofikiwa na robo tatu ya vipimo. Kisha, kwa kila upande, hugawa saa zilizovuka kiwango hicho kwa saa zote za upepo wa upande huo. Tuseme upepo wa mashariki umevuma saa 40, na 30 kati ya hizo zimevuka kiwango: jibu ni 0.75, na mashariki yashukiwa. Msomaji aliyedhani kuwa upepo "umeelekea" mashariki atakwenda kukitafuta kiwanda magharibi, na huenda asiye na kosa akatozwa faini.

Jibu hilo nalo hufasiriwa vibaya. Si sahihi kuandika "uwezekano wa 0.75 kwamba chanzo ki mashariki". Ni uwezekano wenye sharti: ikiwa upepo watoka mashariki, hewa huwa chafu mara tatu katika nne. Hesabu yaonyesha upande wa kuchunguzwa, haimtaji mkosaji. Kwa hiyo "chanzo kinachoshukiwa" kisifupishwe kuwa "chanzo".

Mabaharia wetu hawakutatizwa na jambo hili. Kaskazi hutoka pande za kaskazini, kusi hutoka pande za kusini. Hapana nahodha aliyehitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo twapendekeza "upande utokako upepo" katika maelezo, na "upepo kutoka" katika majedwali. Maneno haya ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu. Istilahi fupi inayompeleka mkaguzi kwenye lango lisilo lake si akiba ya maneno, ni hasara.