Ubishi wa Boxer na TVS

Kariakoo imezoea utani wa jadi. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na makao ya klabu zote mbili yako mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka sokoni. Kwa hiyo hakuna anayeshangaa kukuta, kwenye kijiwe cha bodaboda kando ya Mtaa wa Msimbazi, vijana wametoana mishipa ya shingo kwa ajili ya pikipiki. Wa Boxer wanasema chuma chao hakina makuu, kinameza mzigo, na spea zake utazipata hadi dukani kwa Mangi. Wa TVS wanajibu kwamba chao kinateleza, na abiria akishuka hashiki kiuno. Hapo wa Boxer hutoa silaha yao ya mwisho: hata miguu mitatu ya TVS ikipita, Dar nzima inaiita bajaji, jina la kampuni inayotengeneza Boxer. Sijawahi kusikia ikijibiwa.

Kampuni zote mbili ni za India, na wala hazimlipi mtu wa kijiweni hata mia kwa utetezi huo. Wakongwe wa kazi hukaa pembeni wakicheka. Wao wanaikumbuka Honda ya bwana shamba, na kanuni za 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha abiria, walikuwa juu ya za Kichina: Sanlg, Fekon, T-Better. Kila moja ilikuwa na wapambe wake.

Ukichunguza, anayepiga kelele zaidi ni yule aliye kwenye mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, na chombo kitakuwa chake siku mkataba utakapoisha. Anatetea pikipiki ambayo bado si mali yake, na mimi simcheki. Ukishachagua chuma cha kukulisha kwa mwaka na zaidi, huwezi kukubali kirahisi kwamba ulichagua vibaya.

Tena ubishi wenyewe ni darasa. Huwezi kuponda chombo cha mwenzako kwa maneno matupu, kijiwe kitakuzomea. Lazima ujue plagi ikitoka na masizi meusi maana yake nini, na ikitoka nyeupe maana yake nini. Lazima ujue klachi inaachiwaje kwenye foleni ya Mtaa wa Uhuru bila kuichoma. Dogo aliyeanza kazi juzi anakaa kimya kwenye benchi, anasikia cheni yake ikitukanwa, na kesho yake anakuja imekazwa.

Ila ufundi wenyewe uone kwenye mzigo. Anayefunga belo la mitumba hatumii kamba. Anatumia mipira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu, kwa sababu mpira unavutika na kurudi mashimo yakianza. Anaupitisha chini ya keria, anauvuta kwa uzito wa mwili wote, anauzungusha, anaipenyeza ncha bila fundo. Kisha analisukuma belo kwa kiganja. Pikipiki ikitikisika nalo kwa pamoja, limekaa. Belo likicheza peke yake, anafungua na kuanza upya, hata mwenye mzigo afoke vipi. Akipanda anasogea mbele hadi karibu akalie tanki, tairi la mbele lisije likanyanyuka.

Na chombo kikizima Jangwani jioni, nembo hazina kazi. Wa Boxer anatokea nyuma ya wa TVS, anaweka mguu wa kulia pale anapokanyagia abiria, anavuta mafuta taratibu, na pikipiki mbili zinakwenda kama moja hadi kwa fundi. Mguu huo ndio wa breki, kwa hiyo amebaki na breki ya mkono tu. Trafiki hawapendi mchezo huo, na wana haki. Na bodaboda mwenzao akivunjika mguu na kulazwa MOI, hospitali ya mifupa, mchango unapita kijiweni, na mmoja anampigia deiwaka ili hesabu isilale. Umoja huohuo una sura mbaya pia: gari likigusa bodaboda, dakika mbili nyingi, limezingirwa, na hapo hakuna anayeuliza nani alikuwa na kosa. Hilo silisifii.

Siku hizi zimeingia za umeme. Ya kwanza ilipofika kijiweni, Boxer na TVS zikawa chama kimoja. "Mwanangu, hii ikizima utasikiaje? Haina hata mlio!" Mwingine akataka kujua fundi ataifungua wapi. Mwenye nayo hakujibu. Ubishi ulipopamba moto, dada mmoja mwenye mifuko miwili, anayekwenda Mbagala, alikuwa ameshapatana naye bei, keshapanda.