Kilichomo Ndani ya Kopo: Filta ya Oili kwa Barabara za Bonde la Ufa

Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha ikiwa makao yake, wahandisi wa timu za kigeni walikuta tatizo ambalo mwenye Probox wa Gilgil amelizoea. Kwenye njia za Kedong na Soysambu gurudumu huzama katika vumbi laini kama unga, na gari la nyuma hulivuta hadi kwenye injini. Baadhi ya timu zilifunga bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini ipumue hewa ya juu iliyo safi kidogo. Walianza na hewa kwanza, oili baadaye, na hapo walipatia.

Vumbi letu ni kali. Sehemu kubwa ni majivu ya volkano za Longonot na Menengai, na upande wa Elmenteita kuna udongo mweupe wa Kariandusi, mabaki ya viumbe wadogo wa ziwa la kale. Vyote vimejaa silika. Udongo huo wa Kariandusi huchimbwa ukatumiwa kuchujia vimiminika viwandani, lakini ukipenya kwenye silinda husugua ringi na kuta zake, kisha hushuka kwenye oili na kusafiri hadi kwenye beringi. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile za kati ya mikroni 5 na 20, na unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo uchafu unaoua injini hauonekani kwa macho hata ukipaka oili kwenye kidole.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kama una pesa ya filta moja nzuri tu mwezi huu, nunua ya hewa. Ile iliyopigwa kompresa mara nyingi hadi karatasi yake ikatoboka inaingiza vumbi jingi kuliko filta yoyote ya oili inavyoweza kulitoa.

Sasa tuingie ndani ya kopo. Karatasi ya kuchujia imekunjwa mikunjo mingi ili eneo la kupitisha oili liwe kubwa. Ukiipasua filta duni utakuta mikunjo michache, imeachana upande mmoja na kubanana upande mwingine, na gundi ya mshono haikufika mwisho. Oili hupita kwenye upenyo huo bila kuchujwa. Kiwanda makini hupima filta zake kwa kiwango cha ISO 4548-12: vumbi la kipimo huingizwa kwenye oili, kisha chembe huhesabiwa kabla na baada ya filta. Zikiingia 20 ikatoka moja, filta imekamata asilimia 95. Ila asilimia peke yake haina maana. Boksi likiandika 99% bila kutaja ni kwa chembe za mikroni ngapi, halijakuambia chochote.

Sehemu inayonishughulisha zaidi ni valvu ya kupitisha oili pembeni, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi, valvu hii hufunguka ili injini isikose oili kabisa. Oili hiyo haijachujwa, lakini afadhali hiyo kuliko beringi kukaa kavu. Springi ikiwa laini mno, valvu hufunguka kila unapokanyaga, na unaendesha siku nzima kama mtu asiye na filta. Ikiwa ngumu mno, karatasi huchanika kabla valvu haijafunguka. Kila injini imepangiwa msukumo wake, na baadhi zina valvu hiyo ndani ya bloku, hivyo filta zake hazihitaji kuwa na valvu hiyo.

Tazama Subaru, gari linalopendwa sana hapa Nakuru. Filta zake nyingi hutumia uzi wa milimita 20, uleule wa Nissan nyingi. Kopo la Nissan litajifunga vizuri, gasketi itakaa, taa ya oili itazima, na fundi ataridhika. Lakini filta za Subaru kwa kawaida huwekewa valvu inayofunguka kwa kilopaskali 160 hivi, juu kuliko filta nyingi za kawaida. Kwa hiyo neno "inaingia" halitoshi dukani. Uliza namba ya spea kwa injini yako, kisha uihakikishe kwenye katalogi ya mtengenezaji.

Valvu ya pili ni ule mpira wa ndani unaozuia oili isirudi kwenye sampu gari likilala. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, Molo ni karibu 2,500, na Timboroa imepita 2,700. Alfajiri ya huko oili ni nzito. Mpira ukiwa umekauka, filta hubaki tupu usiku, na ukipiga stata unasikia injini ikigonga kabla ya oili kufika juu. Mpira wa silikoni hudumu ukiwa laini kuliko ule mweusi wa kawaida, kwenye joto na kwenye baridi.

Kuhusu feki, boksi siku hizi huigwa vizuri, kwa hiyo nembo si ushahidi. Bidhaa ya nje ikiwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, namba yake huhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Kisha chungulia kwenye tundu la katikati: uzi uwe safi, bila vipande vya chuma, na bomba la ndani limekaa wima. Wenye injini ya Toyota ya 2ZR wana nafuu, kwani filta yao haina kopo na mikunjo yote iko wazi mkononi.

Kufunga ni kazi ndogo. Hakikisha gasketi ya zamani haikubaki kwenye bloku, paka mpya oili, zungusha hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ni ya kufungulia.

Usitupe ile ya zamani. Mwombe fundi aikate kwa kikata filta, kwa sababu msumeno huacha chengachenga zake zinazodanganya. Kunjua karatasi juani na upitishe sumaku: kinachoshikwa ni chuma cha ringi, kamshafti au gia za pampu, na chengachenga za fedha zisizoshikwa mara nyingi zimetoka kwenye beringi au pistoni. Ukiona masizi meusi tu, mwambie fundi aweke filta mpya ya aina ileile.