Usukani unaoshika katikati

Pikipiki nyingi zinazobeba watu kati ya Uvira, Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, zina ugonjwa mmoja unaotibiwa vibaya. Motari anasikia mlio wa "tok" mbele kila anapofunga breki. Anapita kwa fundi wa kando ya barabara, fundi anaegesha tindo kwenye nati ya usukani, anapiga nyundo mara mbili, mlio unakwisha. Wiki chache baadaye umerudi, na sasa usukani wenyewe umeanza kushika: ukienda moja kwa moja unatulia mahali pamoja, na kuutoa hapo kidogo tu kukwepa jiwe kunataka nguvu, kisha unaruka kupita kiasi. Kwenye mteremko wa kutoka Fizi, na abiria wawili na gunia nyuma, hilo si jambo la kuvumilia.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika uani, Baraka, bila garaji. Pikipiki ni ya cc 125 kutoka India, aina iliyojaa njia yote hii. Aliyeshika spana ni motari mwenyewe. Pembeni alikaa fundi mzee aliyejifunzia kazi kambini Lugufu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Baraka ina wengi wa namna yake tangu wakimbizi wa Kongo walipoanza kurudishwa huku kwa meli mwaka 2005.

Kwanza tujue kinachoharibika. Ndani ya shingo ya fremu mna vikombe viwili vya chuma kigumu, cha juu na cha chini. Kila kikombe kina koni yake, na katikati yao zimepangwa gololi. Mapigo yote ya gurudumu la mbele yanapita hapo, na kila gololi inagusa chuma kwa eneo dogo kama ncha ya sindano. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, mhandisi wa Uswidi Johan August Brinell alionyesha namna ya kupima ugumu wa chuma: kandamiza gololi ngumu ya milimita 10 kwa uzito wa kilo 3,000, halafu pima upana wa alama iliyobaki. Barabara ya Baraka–Fizi inafanya kipimo hicho kila siku bila kuombwa.

Beringi ya gurudumu inaokoka kwa sababu inazunguka; kila pigo linaangukia mahali papya. Beringi ya usukani haina bahati hiyo. Safari nzima gololi zinatikisika palepale, grisi inasukumwa pembeni, chuma kinasagana na chuma, na vishimo vinachimbika pale pale usukani unaponyooka. Ndiyo maana unashika katikati na si kwingine. Na ndiyo maana nyundo mbili za fundi wa barabarani ni hasara: zinaondoa mchezo, yaani kulegalega, kwa kuzigandamiza gololi ndani ya vishimo vyake. Kubadilisha gololi peke yake na kuacha vikombe vya zamani nako ni kutupa pesa. Seti inabadilishwa nzima.

Kuthibitisha ni rahisi. Weka gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lielee. Shika shokapu mbili chini kabisa, vuta na sukuma, huku mwenzako ameweka kidole pale bamba la chini linaloshika shokapu linapokutana na shingo ya fremu. Mchezo akiusikia pale, ni beringi. Asipousikia pale na wewe unausikia mkononi, huenda shokapu zenyewe zimelika ndani. Kisha geuza usukani taratibu kwa vidole viwili. Huu wetu ulisimama katikati kama umefungiwa komeo.

Kufungua hakuna siri. Tangi lilitolewa lisije likakwaruzwa, waya za taa zikapigwa picha kwa simu kabla ya kuchomolewa, usukani ukalazwa pembeni na kebo zake. Gurudumu, shokapu, bamba la juu. Kabla ya kulegeza nati ya duara inayokaza beringi, kitambaa kilitandazwa chini na mkono mmoja ukaishikilia nguzo inayopita ndani ya shingo, maana ikishuka ghafla gololi zinamwagika mchangani. Zilihesabiwa za juu na za chini, kila fungu kwenye kopo lake. Grisi ya juu ilikuwa kavu kama nta. Chini hakukuwa na grisi kabisa, kulikuwa na uji wa kutu. Pikipiki zinazovuka mito masika na kuoshwa ziwani zinapokea maji kutoka chini, na kikombe cha chini ndicho kinachotangulia kufa.

Vikombe vya zamani vilitolewa kwa kipande kirefu cha nondo, kikipitishwa upande wa pili wa shingo na kugongwa kwenye ukingo, kulia kidogo, kushoto kidogo. Koni ya chini ndiyo iliyokula asubuhi. Imebana kwenye nguzo, na hakuna pa kuishikia. Tindo mbili nyembamba ziliingizwa chini yake, moja kila upande, mpaka ikainuka unene wa kucha, kisha milimita, kisha ikakubali. Wapo wanaoikata kwa grainda. Sawa, mradi diski isiguse nguzo. Nati ya zamani ilirudishwa juu ya nguzo muda wote huo ili nyuzi zisiumie. Ukiharibu nyuzi hizo, bei ya kazi imebadilika.

Sasa sehemu niliyoipenda. Jana yake vikombe vipya vililala kwenye friza ya muuza soda. Si ushirikina. Chuma kinasinyaa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya baridi. Kikombe cha milimita 48 kikitoka joto la 28 hadi kumi na tano chini ya sifuri kinapungua kama milimita 0.025. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini kikombe kinachoingia kwa kubanwa hupimwa kwa vipimo vya namna hiyo. Kiliingia nusu karibu bila ugomvi. Kilichobaki kiligongwa kupitia kikombe cha zamani, kilichopunguzwa ukingo kwa tupa ili nacho kisikwame ndani.

"Mdogo wangu, acha kuangalia, sikiliza," mzee alisema.

Nyundo ilikuwa ikitoa sauti butu, butu, halafu ghafla ikalia kali: kikombe kimekaa kwenye sakafu yake. Kukiongezea nyundo baada ya hapo ni kukiumiza. Koni mpya ya chini ilishushwa kwa bomba lililopita juu ya nguzo, likigusa ukingo wa ndani tu na si njia ya gololi. Moto wa kulehemu usiusogeze. Unalegeza ugumu wa chuma ulioulipia.

Grisi nyingi, gololi zikabandikwa ndani yake kwa hesabu ileile, na grisi nyingine kwenye kizuia vumbi cha chini.

Kukaza ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Nati ya duara ilikazwa mpaka usukani ukawa mzito, ukageuzwa kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili kila kitu kikae, ikalegezwa, ikarudishwa mpaka mchezo ulipokwisha tu. Kisha bamba la juu na nati kubwa. Wengi wanamalizia hapo, lakini nati kubwa ikikazwa inaisukuma ile ya duara kwenda chini, na beringi iliyokuwa sawa inabana. Motari wetu alipima upya, akakuta imebana, akafungua na kulegeza kidogo. Safari hii gurudumu likiwa hewani, msukumo wa kidole ulitosha usukani kuanguka wenyewe upande wowote. Bolti zinazobana shokapu zilikazwa mwisho.

Beringi iliyobana ina dalili yake: pikipiki inayumba ikienda polepole, na motari anasahihisha kila wakati bila kujua kwa nini. Kwa seti mpya ningetaka ipimwe tena baada ya kilomita kama 500, maana vikombe na koni huendelea kukaa.

Wapo wanaoshauri beringi za rola zilizochongoka badala ya gololi. Rola hugusa chuma kwa mstari mzima, kwa hiyo hustahimili mapigo zaidi. Kwa njia hii ningezichagua bila kusita, zikipatikana Uvira kwa kipimo sahihi cha ndani, cha nje na cha kimo. Kimo kikizidi milimita chache, nati ya juu haipati nyuzi za kutosha, na hapo heri gololi.